Kawaida Haina Kilo

Fundi alitandaza kipande cha boksi chini ya Land Cruiser yangu, akanipa tochi, akasema, "Ingia wewe. Mimi nimeshaona." Ilikuwa Jumatatu asubuhi, gereji ya uchochoroni Unga Limited, Arusha, nami nimevaa shati jeupe la kupokelea wageni. Nikasita. Mzee akaniangalia kwa upole. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame, mwanangu." Nikavua shati, nikainama, nikaingia.

Nimeendesha wageni mbugani miaka 19. Gari lile nililinunua kwa mkopo na nikaulipa mpaka shilingi ya mwisho, na nilidhani nalijua nje ndani. Kumbe ndani sikuwa nimefika. Chini mle niliona springi za nyuma zimepandana mabamba tisa kila upande. Matano yalikuwa ya gari lenyewe, manne yametoka gari jingine, hata kutu yake ilikuwa ya rangi nyingine. Upande wa kushoto boliti ya katikati inayoyabana mabamba yote ilikuwa imekatika, na ekseli imesogea nyuma kama upana wa kidole. Shokapu moja, ile ambayo wazee wetu waliiita shokamzoba, ilikuwa imetapika mafuta yake yote, vumbi likanata juu yake likawa tope kavu. Paipu ya breki ya nyuma ilikuwa imevutika kama kamba ya kuanikia nguo. Nikaigusa kwa kidole. Haikuwa na mlegezo hata kidogo.

Nilibaki pale chini kwa muda. Mzee hakuniharakisha.

Miezi michache kabla ya siku ile nilikuwa nimeliinua gari. Naomba nieleze kwa nini, maana sababu zangu hazikuwa za kipuuzi. Mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, nilinasa Ndutu kwenye tope jeusi, ule udongo wa mbuga unaofanana na ugali wa ulezi. Tulikaa pale saa nne na familia yenye watoto wawili wadogo, na giza lilianza kuingia kabla ya wenzetu kutufikia na kamba. Mtoto mmoja alikuwa analia kimyakimya, bila sauti, na mimi nikaapa moyoni kwamba halitatokea tena. Niliporudi mjini nikaona magari ya wenzangu yaliyoinuliwa, marefu, matairi yanaonekana yote, nikasema hili ndilo jibu. Gereji moja mjini wakaifanya kazi kwa siku mbili. Nyuma waliongeza mabamba na kufunga vishikio virefu vya springi. Mbele, ambako gari langu lina koili, wakaweka vipande vya chuma juu ya koili. Gari likapanda sentimita 10 nyuma na 8 mbele. Siku nilipolitoa, kwenye mataa ya barabarani niliona mapaa ya magari mengine chini yangu, na nilijisikia mtu ambaye hatanaswa tena na kitu.

Sasa sikiliza nilichokuwa sikijui. Gari la ekseli nzima, kama hili letu, hunasa kwa difu. Difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli, na ndilo linalokwama kwenye mgongo wa tope kati ya njia mbili za magurudumu. Ekseli imekaa juu ya magurudumu, bodi imekaa juu ya springi. Ukiongeza springi unainua bodi. Difu inabaki palepale ilipokuwa. Kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi, basi. Kwa hiyo nililipa fedha nyingi kuinua viti, dirisha na paa, huku kile kilichoninasa Ndutu kikiendelea kuning'inia umbali uleule kutoka ardhini. Kuinua bodi kuna faida zake: mbele na nyuma hazigongi haraka kwenye makorongo, na tairi kubwa hupata nafasi. Lakini mimi sikuwa nimebadilisha tairi.

Mwezi wa Julai nilipeleka kundi la walimu wastaafu Ziwa Natron, Watanzania watupu, waliochanga kidogokidogo mwaka mzima waione nchi yao. Safari za namna hiyo nazipenda kuliko zote. Tulitoka Mto wa Mbu, tukapita Selela, tukapita Engaruka, tukaingia kwenye ile barabara ya majivu na mawe inayoelekea Engaresero, Oldoinyo Lengai umesimama mbele kama mlinzi. Kila jiwe lilipita moja kwa moja kutoka kwenye tairi mpaka kwenye uti wa mgongo. Kiti cha nyuma kabisa alikaa mama mmoja mwenye umri wa miaka sabini na kitu, aliyefundisha darasa la kwanza maisha yake yote. Hakulalamika saa nzima. Kisha kwenye korongo moja kavu nikasikia sauti yake, ya adabu ileile ya darasani: "Mwanangu, naomba nishuke nitembee kidogo. Ninyi tangulieni, nitawakuta."

Nikasimama. Akashuka kwa kushikwa mkono, akaanza kutembea kwenye majivu yale, jua la saa saba, kanga begani. Nilimfuata nyuma kwa gia ya kwanza. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na haikuwa aibu ya kuonwa na watu, kwa maana hakuna aliyenilaumu. Nilikuwa nimejenga gari la kumzuia mtoto asilie, nikawa nimejenga gari ambalo mama mtu mzima anaona afadhali jua na majivu.

Hapo hapo, kwenye korongo lile, gurudumu la nyuma kulia likabaki hewani. Springi ilikuwa ngumu mno kushuka na kufuata ardhi. Na difu ya kawaida, isiyo na kufuli, hupeleka nguvu kule kwenye wepesi. Gurudumu lililo hewani linazunguka kwa kelele, lililo chini linakaa kimya. Gari nililoliinua lisinase, likanasa kwenye ukavu.

Kilichonipeleka kwa mzee, hata hivyo, kilikuwa breki. Wiki tatu baadaye nilikuwa nashuka kreta ya Ngorongoro kwa njia ya Seneto, gari limejaa watu sita. Nikakanyaga breki, pua ikazama, mkia ukawa mwepesi kama hauna mtu. Nikakanyaga tena, hali ileile. Nikaweka gia ya chini kabisa, nikashuka kwa mwendo wa kobe, na harufu ya breki za mbele ikaingia ndani ya gari. Wageni walidhani ni harufu ya kreta.

"Hiyo nitakuonesha sasa hivi," mzee alisema nilipomsimulia. Akaingia chini pamoja nami, akaweka kidole kwenye valvu ndogo iliyofungwa kwenye chesisi, yenye mkono wa chuma unaoshuka mpaka kwenye ekseli ya nyuma. Kazi ya valvu ile ni kupima mzigo. Gari likiwa tupu, bodi iko juu mbali na ekseli, mkono unalegea, na valvu inapunguza nguvu ya breki za nyuma zisije zikajifunga na kulizungusha gari. Likijaa, bodi inashuka, mkono unasukumwa, breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Waliponiinulia gari hawakuugusa mkono ule. "Umelidanganya," mzee alisema. "Wewe umepakia watu sita, lenyewe linajua liko tupu. Linashuka Seneto linajua liko tupu."

Hakusema kwa ukali. Mimi ndiye niliyelisikia kwa ukali.

Tulipotoka chini alikaa kwenye ringi ya tairi, akachukua kalamu na ganda la pakiti ya vipuri, akaniuliza, "Hili gari linabeba nini?"

Nikajibu, "Kawaida tu, mzee."

"Kawaida haina kilo. Niambie kimoja kimoja."

Basi tukaanza. Matangi mawili ya dizeli, lita 180, kama kilo 150. Maji, kilo 60. Matairi mawili ya akiba, 80. Friji na chakula, 45. Jeki, spana, koleo na kamba za kuvutia, 50. Mimi na wageni sita, 530 kwa makisio. Mabegi yao, 90. Alijumlisha kwa mkono, polepole, akapigia mstari: kilo 1,005. Tani moja na zaidi, ukiacha gari lenyewe na bodi yake iliyorefushwa. Miaka yote ile nilibeba tani moja nikaiita kawaida.

Akanieleza neno ambalo nimelitembeza na kulirudia tangu siku ile. Springi huchaguliwa kwa mzigo, na urefu huja wenyewe. Springi ngumu kuliko mzigo wake haikubali kukunjwa, kwa hiyo kila kishindo kinapita kama kilivyo. Springi laini kuliko mzigo wake inakunjwa mpaka mwisho, na chuma kinagonga chuma. Inayofaa ni ile ambayo gari likiwa na mzigo wake wa kila siku, gurudumu bado lina nafasi ya kupanda na nafasi ya kushuka. Alisema waliounda magari haya walilijua jambo hili zamani. Land Rover ya kwanza ya mwaka 1948 ilikaa juu ya mabamba mafupi magumu, na ilifika kila mahali, lakini ilivunja migongo ya watu. Mwaka 1970 kampuni hiyohiyo ilitoa Range Rover, iliyosimamiwa na mhandisi Spen King, ikiwa na koili ndefu laini kwenye ekseli zote mbili. Na kwa kuwa ulaini ule ungeinama nyuma ikipakiwa, waliiwekea kifaa cha kuirudisha sawa. Toyota nao, mwaka 1999, waliweka koili mbele ya Land Cruiser hizi za 70 zilizokuwa na mabamba pande zote tangu 1984. Chuma kililegezwa makusudi ili gari lipite pagumu zaidi.

"Na zile mbio za Safari," akaongeza, macho yakimng'aa, kwani ujana wake ulipita wakati mbio hizo zilipokuwa zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. "Mwaka 1974 Joginder Singh alishinda na Lancer. Kigari kidogo, cha chini, kinachoendeshwa na magurudumu mawili."

Nilirudi nyumbani kwa bodaboda siku ile, gari nimeliacha. Na njiani swali la mzee likageuka. Baba yangu alifariki nikiwa na miaka 26. Mimi ni kifungua mimba. Kuanzia pale nilibeba ada za wadogo zangu watatu, dawa za sukari za mama, mkopo wa gari, harusi, misiba, michango ya ukoo. Mama watoto aliniuliza mara nyingi, usiku, taa imezimwa: "Baba, umebeba nini?" Na kila mara nilimjibu neno lilelile nililomjibu fundi. Kawaida tu. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilikuwa nauita wangu mwenyewe usufi, na nikategemea watu wa nyumbani waujue uzito wake bila kuambiwa.

Kilichofuata ni kilekile kilichofanyika kwenye gari. Nilipoanza kuinama sikupunguza mzigo wala kuupima, niliongeza mabamba. Nikawa baba asiyeulizwa swali mara mbili. Kijana wangu wa kwanza alipofeli hesabu kidato cha pili, alimwambia mama yake na mdogo wake na jirani, mimi nikajua baada ya mwezi. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alitazama chini akasema, "Ukikasirika baba, nyumba nzima inatikisika." Nilichukulia kuwa ni utovu wa adabu. Ilikuwa ni taarifa sahihi kabisa ya mtu aliyekaa kiti cha nyuma.

Ugumu una sifa nzuri katika jamii yetu, hasa kwa wanaume na hasa kwa kifungua mimba. Tunasifu mtu asiyeyumba. Ninaamini sasa kwamba sifa hiyo tumeiweka mahali pasipostahili. Mtu asiyeyumba hata kidogo hajazuia kishindo kisifike. Amekipitisha kilivyo kwa waliokaa nyuma yake, nao ndio wanaoumia. Na ile valvu yangu ya ndani, inayotakiwa kuniambia "umejaa, tumia breki zote", nilikuwa nimeinua bodi mpaka haisomi tena. Nilikuwa najaa, lakini najiendesha kama mtu aliye mtupu.

Kazi ya mzee ilichukua siku nne. Alitoa yale mabamba manne ya kigeni na vishikio virefu, akafunga springi mpya zilizopangwa kwa tani yetu moja, akaliacha gari likiwa limepanda sentimita 5 tu kuliko lilivyotoka kiwandani. Mbele alitoa vile vipande vya chuma, akaweka koili ndefu kidogo. Kisha akashughulikia yale ambayo gereji ya kwanza haikuyagusa, na hapo ndipo nilipoielewa kazi yenyewe. Ukiinua mbele, ekseli inazunguka kidogo na ule mlalo wa kurudi nyuma unaoufanya usukani ujinyooshe wenyewe unapungua. Ndiyo maana gari langu lilikuwa likitangatanga kwenye lami. Alirekebisha kwa bushi za kupinda. Ile fito inayoizuia ekseli isihame upande nayo ilikuwa imeivuta, akaweka inayorekebishika. Paipu za breki akaweka ndefu. Mkono wa ile valvu akaushusha na kuupima kwa gari likiwa limejaa. Kitu kimoja kilichoinuliwa kilidai vitu vinne vingine virekebishwe.

Shokapu alinifafanulia akiwa ameishika mkononi. Springi inabeba, lakini springi peke yake haijui kuacha. Ikikunjwa itarudi, itapita, itarudi tena. Shokapu inaichukua nguvu ile ya kudundadunda, inayapitisha mafuta kwenye vitundu vidogo, inaigeuza kuwa joto. Ndiyo maana ukisimama baada ya mwendo mrefu wa barabara mbovu ukaigusa, itakuunguza. Ikizidiwa, mafuta yanatoa povu na inakuwa bomba tupu. Ya gesi ya naitrojeni huchelewa kufika hapo, lakini nayo inahitaji kupumzika. Ukitoka lango la Naabi kwenda Seronera, simama robo saa. Mimi sasa nasimama. Hata nyumbani nimejifunza kusimama nje ya geti dakika kumi kabla ya kuingia, injini imezimwa, joto la mjini linipungue.

Alinifundisha pia lile ambalo halina gharama: upepo wa tairi. Tairi ndiyo springi ya kwanza kukutana na jiwe. Kwenye mchanga na majivu punguza upepo, punguza na mwendo. Ukirudi kwenye lami jaza tena. Nikikumbuka fedha nilizotumia kabla ya kujua hilo moyo unaniuma.

Na ile mikunjo kama bati inayotutesa kati ya Ngorongoro na Serengeti, niliwahi kudhani inaletwa na upepo au mvua. Inaletwa na magurudumu yetu wenyewe. Mwanasayansi Keith Mather aliandika mwaka 1963, baada ya kuzungusha gurudumu kwenye mchanga, kwamba mwendo ukizidi kiwango fulani gurudumu huanza kurukaruka, na kila linapotua huchimba, na lifuatalo hurukia palepale. Hakuna aliyekusudia. Kila apitaye kwa haraka anamchimbia ajaye.

Mwaka uliofuata nilimpigia simu yule mama mwalimu. Nikamsalimia, shikamoo mwalimu, nikamwambia gari limetengenezwa na ninaomba nimpeleke Natron tena bila malipo. Akacheka, akasema magoti hayataki, lakini atakuja. Alikaa kiti kilekile cha nyuma. Kwenye korongo lile nilimtazama kwenye kioo. Alikuwa amesinzia.

Kijana wangu yuko kidato cha nne. Juzi alikuja kuniambia mwenyewe, jioni, kwamba jaribio la fizikia halikuwa zuri. Nikamwambia akae. Tukazungumza karibu saa nzima, na nikamweleza, kwa mara ya kwanza, mkopo wa gari ulikuwa kiasi gani na dawa za bibi yake ni shilingi ngapi kwa mwezi. Alisikiliza. Alishika kalamu, akajumlisha.

Wewe unayefikiria kuliinua gari lako, nakuomba jambo moja kabla hujaongea na fundi yeyote. Lijaze kila kitu unachobeba siku ya kazi, watu wakiwa ndani, ulipeleke kwenye mizani ya ghala la nafaka au ya chuma chakavu iliyo karibu nawe. Pandisha magurudumu ya mbele peke yake, andika. Pandisha ya nyuma peke yake, andika. Langu lilisoma 1,350 mbele na 2,060 nyuma. Karatasi hiyo ndiyo ya kumpa fundi, naye asiyeitaka, mwache.